Ndizi kaacha, potasiamu haijashuka: tazameni maji ya chunguni

Mkuu, nimesoma ulivyoeleza. Mzee figo zimepungua nguvu, potasiamu ya damu ilisoma 5.7, juu ya kawaida, mkaambiwa kwa kifupi "aache ndizi", akaacha hata ya kuonja, na kipimo kilichofuata kikaja 5.9. Sasa mzee anadai kama ndizi haikuwa mchawi basi arudishiwe, na nyie mmebaki kutazamana. Mko Ipagala, mnapika wenyewe, na unataka kujua ale nini bila kugeuza nyumba kuwa wodi.

Mimi namhudumia mama mkwe wangu hapa hapa Dodoma. Ana presha ya miaka mingi, sukari, na figo ziko hatua ya tatu. Potasiamu yake iliwahi kukaribia 6, siku hizi inacheza kati ya 4.7 na 5.1 na imetulia hapo. Sina taaluma ya udaktari. Ninachoandika nimekipata kwa mtaalamu wa lishe wa kliniki tunayohudhuria, mengine nimeyaona kwa kusimama jikoni. Msimamo wangu nausema mapema: hizo orodha za vyakula "vibaya" zinazozunguka WhatsApp hazikusaidii kitu kama hujui mzee anakula kiasi gani, na maji yaliyopikia chakula hicho yamekwenda wapi. Potasiamu huyeyuka kwenye maji. Ukiyamwaga umeimwaga, ukiyanywa kama supu umeinywa.

Ila kabla ya kuingia jikoni kuna mambo mawili.

La kwanza ni kipimo chenyewe. Damu ikivutwa kwa tabu, mkono ukafungwa kamba muda mrefu huku mgonjwa anakunja na kukunjua ngumi, au chupa ikachelewa kufika maabara, potasiamu iliyokuwa ndani ya misuli au chembe nyekundu huvuja na kuingia kwenye sampuli. Namba inapanda wakati potasiamu mwilini haijapanda hivyo. Maabara makini huandika kwenye majibu kwamba sampuli iliharibika. Muulizeni daktari kama kuna haja ya kurudia. Lakini msikae nyumbani mkijipa moyo kwamba ni kamba ya mkono tu, hasa kwa mtu ambaye tayari figo zake zinajulikana.

La pili ni mfuko wa dawa. Umesema mzee anatumia losartani. Hiyo, na wenzake akina enalaprili, kaptoprili na lisinoprili, ni dawa nzuri kwa presha na kwa figo, lakini zinapunguza potasiamu inayotoka kwenye mkojo. Spironolaktoni, ambayo wenye matatizo ya moyo hupewa sana, inafanya hivyo hivyo kwa nguvu zaidi. Septrin nayo imo. Halafu kuna hawa wageni wasiopiga hodi: diklofenaki na ibuprofeni za dukani. Mzee akijinunulia diklofenaki kwa ajili ya magoti, mtachemsha na kumwaga mpaka mchoke na potasiamu haitashuka, kwa sababu figo zinabanwa upande wa pili. Kwa mama tulivyokuja kugundua ni kwamba shoga yake wa kanisani alikuwa anamletea vidonge vya mgongo, wanavigawana kama pipi. Msimsimamishe mzee dawa ya presha kwa uamuzi wenu. Chukueni mfuko mzima, wa hospitali, wa dukani na wa miti shamba, mkaumwage juu ya meza ya daktari.

Sasa turudi kwenye ndizi.

Ndizi mbivu ina miligramu kama 360 za potasiamu kwa gramu 100. Kisukari kimoja kidogo (ile ndizi fupi tamu) ukikimenya hakifiki hata gramu 50, kwa hiyo unazungumzia miligramu 150 na ushee. Sasa chukua sahani ya chipsi kavu ya pale kijiweni, gramu 250 hivi. Viazi vimemenywa, vimekatwa, vikaingia kwenye mafuta bila kuguswa na maji ya kuchemka, kwa hiyo potasiamu yote imebaki ndani na maji ndiyo yaliyokauka. Hiyo sahani inazidi miligramu 1200. Mzee kaacha kisukari kimoja, jioni kaletewa chipsi kama zawadi ya kuacha ndizi. Mnaona hesabu? Parachichi linalotoka Njombe au Mbeya, yale makubwa, nusu yake tu yaweza kuwa na miligramu 500 mpaka 700, na hakuna anayelitilia shaka kwa sababu limeandikwa kila mahali kwamba ni tunda la afya. Ni la afya kweli. Figo ndiyo haina afya.

Kwa kukumbuka tu: mtu mzima mwenye figo nzima, Shirika la Afya Duniani linamtaka apate angalau miligramu 3510 kwa siku, na zinamsaidia kushusha presha. Mgonjwa wa figo ambaye potasiamu yake inapanda, mara nyingi hupangiwa kati ya 2000 na 3000, kutegemea vipimo vyake na uzito wake. Kwa hiyo 2000 siyo sifuri. Mzee ana nafasi ya kula vitu vingi, mradi visirundikane siku moja.

Mchicha ndio mboga ya kila nyumba, kwa hiyo nianze nao. Majani mabichi yana potasiamu zaidi ya miligramu 600 kwa gramu 100, na tatizo lake ni kwamba unasinyaa. Fungu zima linalojaza beseni likiiva linakuwa bakuli moja, na mtu anaweza kulimaliza peke yake. Mimi nafanya hivi. Nachambua, nakatakata vidogo, natia kwenye sufuria kubwa yenye maji mengi yanayotokota, bila chumvi na bila magadi. Maji yanatulia kidogo kisha yanarudi kuchemka. Dakika tano tu zinatosha, utaona rangi imetoka. Ule mchicha wenye mishipa myekundu hutoa maji ya waridi kabisa. Namwaga kwenye chujio, naacha upoe, halafu naukamua kwa mkono hadi ubaki donge. Hapo ndipo naunga kwa kitunguu na mafuta ya alizeti, na ndimu mwishoni ili chumvi isitafutwe. Hata baada ya yote hayo potasiamu haijaisha, imepungua tu, kwa hiyo mama anapata vijiko vitatu na siyo bakuli. Matembele, majani ya maboga na majani ya kunde nayafanyia hivyo hivyo.

Mtaniambia vitamini zimemwagika. Ni kweli, vitamini C na foleti zinakwenda na maji. Ndiyo maana watoto wangu nawapikia mchicha wao kawaida, wa mama nautoa pembeni. Kwa mwenye 5.9 tunaanza kukwepa kile kinachoua haraka.

Viazi mviringo: kumenya, kukata vipande vidogo vyembamba, kuchemsha kwenye maji mengi, kumwaga katikati ya kuiva, kutia maji mapya ya moto na kumalizia. Ukikata vikubwa vikubwa na kuchemsha kwa maji kidogo, faida inakuwa ndogo. Na hapa nawapinga wale wote wanaosema loweka usiku kucha inatosha. Kuloweka peke yake kwenye maji baridi hakuondoi kitu cha maana kwenye kiazi kibichi. Moto ndio unaofungua. Ukishachemsha namna hiyo, hata ukitaka kuvikaanga kidogo vipate rangi, haya. Viazi vitamu vya kuchemsha vina potasiamu pungufu ya vile vya kuchoma kwenye jivu, sababu ni ile ile. Mihogo nayo imenywe, ikatwe, ichemshwe, maji yamwagwe.

Maharage, mbaazi, kunde na choroko visifutwe kabisa, maana mzee atakula nini, hasa mwisho wa mwezi? Maharage makavu yanakaribia miligramu 1400 kwa gramu 100 lakini yakishavimba na kuiva yanakuwa kama 400. Loweka usiku, mwaga. Chemsha, mwaga maji ya kwanza. Tia maji mapya, ivisha, na unapompakulia tumia kijiko chenye matundu. Nusu kikombe cha maharage yaliyochujwa, bila rojo. Kuna faraja moja: potasiamu ya ndani ya mbegu nzima haifyonzwi yote tumboni, tofauti na ile inayotiwa kiwandani. Ndiyo maana mtaalamu wetu wa lishe hakutaka tumnyime mama maharage, alitaka tumpunguzie.

Tuliokaa Dodoma tunajua kumwaga maji kunauma. Kwenye mgao, ndoo ni ndoo. Maji ya viazi na mchicha yasiyo na chumvi nayaacha yapoe nayamwagia mipapai; potasiamu ni mbolea, mpapai hauna shida ya figo.

Supu. Hapa ndipo wazee wengi wanapopotelea, na hakuna anayewauliza. Umeandika kwamba mzee asubuhi anakunywa supu ya makongoro "kwa sababu haina mafuta mengi". Nyama ikichemka, potasiamu yake inahamia kwenye supu, na kama kuna viazi na nyanya humo ndani, nayo imeingia. Ale nyama, supu awaachie vijana. Najua unavyoona ugumu wa kumwambia mzee wa Kigogo aache supu asubuhi. Kwetu tulimpa mama kikombe kidogo cha kahawa, kile cha wauza kahawa, kikiwa na supu ya kulowanishia chapati. Akakubali kwa shingo upande.

Mlenda ni kesi yake peke yake, na nimejiuliza sana kwa nini hakuna karatasi ya hospitali inayoutaja wakati nusu ya mkoa unaula. Huwezi kumwaga maji ya mlenda. Ule uteute ndio mlenda wenyewe. Nilipojaribu kuuchemsha na kuchuja, mama aliuinua kwa tonge ukakatika, akaniambia, "Mkamwana wangu, mlenda usiovutika ni maji ya kuoshea vyombo." Hana kosa. Kwa hiyo mlenda tunaushughulikia kwa kiasi na kwa kilichotiwa ndani. Mlenda mkavu wa unga ni majani yaliyoondolewa maji, kila kilichokuwemo kimejikusanya, hivyo kijiko kimoja chake ni majani mengi mabichi. Napunguza unga huo, naongeza bamia mbichi zilizokatwa ili mvuto ubaki. Karanga za kutwanga, ambazo zenyewe zina kama miligramu 700 kwa gramu 100, natia kijiko kimoja badala ya kikombe. Nyanya moja, siyo nne. Na anaula mara chache kwa wiki, siku ambayo hakuna maharage.

Kingine kwenye mlenda ni magadi na maji ya majivu. Magadi ni sodiamu, yatampandishia presha na kumvimbisha miguu. Maji ya majivu yaliyochujwa, yale ambayo baadhi ya bibi zetu vijijini bado wanayatumia kulainisha mboga, ndiyo hatari zaidi kwa huyu mgonjwa wetu, kwa sababu chumvi ya majivu ya miti kwa sehemu kubwa ni potasiamu. Mama alikuwa analetewa chupa kutoka kijijini, upande wa Mvumi. Siku hizi chupa inaishia kwa jirani.

Unga. Sembe ina potasiamu karibu nusu ya dona. Mtama, uwele na ulezi viko upande wa dona au juu kidogo. Sasa hapa kila mtu anakuvuta: kliniki ya sukari inasema dona na mtama, kliniki ya figo inasema sembe na wali mweupe. Wali mweupe uliopikwa una miligramu kama 35 tu kwa gramu 100, ni vyakula vichache vya wanga vinavyoushinda kwa hili. Ila sukari nayo ikipanda ovyo potasiamu inatoka ndani ya seli na kuingia kwenye damu, kwa hiyo ukimjazia mzee wali kwa kuogopa potasiamu unaweza ukajikuta umeipandisha kwa mlango wa nyuma. Sisi tuliamua hivi, baada ya kuongea na mtaalamu wa lishe: ugali wa mtama uliochanganywa na sembe, saizi ya ngumi, mara moja kwa siku, wali kiasi hicho hicho usiku. Kama mzee wako hana sukari, maisha ni rahisi zaidi kwenu, mpeni sembe na wali.

Mchuzi wa Dodoma ni nyanya. Nyanya moja haina neno, ina kama miligramu 240 kwa gramu 100. Nyanya ya kopo ndiyo imekolezwa: gramu 100 zinafika 1000. Kapaketi ka gramu 70 kwenye sufuria ya watu watano siyo balaa, lakini mpishi wenu akitia vipaketi viwili pamoja na nyanya tano mbichi, halafu mzee akamiminiwa rojo juu ya wali, hesabu inabadilika. Kitunguu kingi, hoho, kitunguu saumu, tangawizi, karoti kidogo iliyokunwa, nyanya moja. Mchuzi unatoka mzuri tu. Kabichi, bilinganya zilizochemshwa zikamwagwa maji, tango na bamia ni mboga za kuegemea.

Vinywaji. Sijaona ukivitaja kabisa, na ningeanzia hapo kama ningekuwa nyumbani kwenu. Mbuyu ni mti wetu na juisi ya ubuyu iko kwenye kila friji la duka, lakini unga wa ubuyu una zaidi ya gramu 1 nzima ya potasiamu kwa kila gramu 100, na vipimo vingine vinakwenda mbali zaidi. Glasi nzito yenye vijiko vikubwa vitatu yaweza kubeba miligramu 300 hadi 600. Ukichanganya na ukwaju, ambao nao una zaidi ya 600 kwa gramu 100, umetengeneza dawa ya kupandisha. Mzee akinywa glasi mbili za "juisi asilia isiyo na kemikali" kwa siku, hapo ndipo 5.9 yenu inaweza kuwa inatoka. Maji ya dafu hapa si mengi lakini yakija kutoka Pwani na Tanga, glasi moja inakaribia 600. Maziwa na mgando, kikombe cha robo lita kina kama 370. Nusu kikombe kwenye chai inatosha.

Zabibu zetu? Mbichi ziko sawa, kama 190 kwa gramu 100, kiganja kimoja hakina tatizo na msimu unakuja mara mbili kwa mwaka. Zabibu kavu zinaruka hadi kama 750. Tende kadhalika. Nanasi, tikiti maji na tufaa ni matunda mepesi, kipande kimoja kwa mlo. Papai na embe vya kiasi. Pera lina zaidi ya 400, hilo angalia.

Kuna bidhaa moja ninayoichukia kwa moyo wote: chumvi mbadala inayouzwa supamaketi kwa jina la chumvi ya wenye presha. Wanapunguza sodiamu kwa kuweka kloridi ya potasiamu. Kwa mtu mwenye presha na figo nzima inaweza kuwa msaada mkubwa. Kwa mzee wako ni sumu kwenye kijiko: robo kijiko cha chai cha zile kali kina miligramu 600 au zaidi, na hiyo hufyonzwa karibu yote. Soma nyuma ya pakiti, ukiona potasiamu au namba E508, rudisha rafuni. Unga wa mlonge nao, pamoja na majani mengine makavu yanayouzwa stendi kwa ajili ya "kusafisha figo", ni majani yaliyokolezwa. Muuzaji hajawahi kuona majibu ya damu ya mzee wako.

Siku ya kawaida ya mama inakwenda hivi. Asubuhi chai ya rangi au yenye maziwa kidogo, chapati au mkate, yai moja (yai lina kama miligramu 65, ni rafiki). Mchana ugali ule wa ngumi, kipande cha samaki au kuku kama kiganja bila vidole, kabichi, vijiko vitatu vya mchicha uliokamuliwa. Saa kumi kipande cha nanasi. Usiku wali, maharage yaliyochujwa nusu kikombe au nyama kidogo, bilinganya. Kisukari kimoja kidogo anakula siku ambazo hakuna maharage wala mlenda. Ndiyo, anakula ndizi, na damu imetulia.

Umeuliza na Jumamosi mnadani Msalato, maana mzee hakosi. Aende. Nyama choma haijamwaga maji yoyote, kwa hiyo vipande vichache, robo kilo igawanywe na watu wawili au watatu. Kachumbari ya kitunguu na tango, nyanya kidogo, parachichi lisiwemo. Ugali mdogo. Supu apite nayo mbali, na chumvi ya pembeni asichovye.

Choo kisisahaulike. Figo zikichoka, utumbo hubeba sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kutoa potasiamu, na mtu anayekaa bila choo anaibakiza mwilini. Ndiyo sababu nyingine ya kutomfutia mboga zote. Kama anapewa dawa za kukojoza kama furosemidi, azitumie kwa muda aliopangiwa. Hizo husaidia kutoa. Na kama ana sukari na anapata dalili za kushuka, kutetemeka na jasho, mpeni maji ya sukari au glukosi badala ya juisi ya machungwa.

Wengine mnaosoma hapa, naomba msinakili. Kuna jirani yangu mtaani ana presha tu, figo zake nzima, alisikia habari za mama akaacha mchicha, maharage na matunda yote. Huyo anajiumiza, anahitaji hivyo vitu. Na wapo wanaotumia dawa za kukojoza ambao potasiamu yao iko chini, wanabanwa misuli usiku, wao wanatakiwa kinyume cha yote niliyoandika. Bila kipimo cha damu hujui uko upande gani.

Aliyejibu juu yangu kwamba "mpelekeni Muhimbili" nadhani ana nia njema, ila kwa hili hakuna haja ya kupanda treni. Dodoma huduma za figo zipo, Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018. Mzee akianza kuhisi misuli imelegea, miguu mizito isivyo kawaida, moyo unaruka au unakwenda taratibu sana, au kipimo kikigonga 6 na kuendelea, hiyo ni safari ya dharura saa hiyo hiyo, hata usiku. Wakati mwingine hakuna dalili yoyote mpaka moyo uyumbe, kwa hiyo msisubiri dalili. Hospitali watapima moyo kwa mashine na wana dawa za kuishusha haraka. Mambo ya kuchemsha na kumwaga hayahusiki hapo.

Kwa sasa chukueni daftari, muandike kila kinachoingia mdomoni mwa mzee kwa siku tatu, pamoja na vinywaji na vya kuonja akiwa kijiweni, bila kumgombeza. Mpeleke daftari hilo na mfuko wa dawa siku ya kliniki, na muombe kuonana na mtaalamu wa lishe, maana usipoomba huenda usielekezwe. Kipimo kikirudi weka hapa, na kreatinini pia (kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi), na utaje kama juisi ya ubuyu ilikuwemo.